Mwenzi wa Mtoto Mgonjwa
Somo kwa Waislamu wa Handeni, Korogwe na pwani ya Tanga, kwa ajili ya majira ya kipupwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, somo hili ni katika kumwenzi mtoto aliyepatwa na ugonjwa mrefu, nalo ni jambo ambalo watu wengi wa pwani wameishika nusu yake ya kwanza na kuiacha nusu ya pili.

Nusu ya kwanza ni kumzuru mgonjwa. Hiyo, alhamdulillahi, haijafa. Mtu akisikia kuwa mtoto wa fulani kalazwa, huvaa kanzu yake na kofia yake akaenda, akauliza khabari, akasoma Fatiha, akatia kitu kidogo mkononi mwa mwenye mgonjwa, akaondoka. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa kumzuru mgonjwa ni sunna, hatta kwa ugonjwa wa macho, na kwamba mwenye kuzuru asirefushe kikao akamchosha mgonjwa. Neno hili la kutorefusha kikao ndilo watu walilolikamata kwa mikono miwili, kwa kuwa ni jepesi. Lakini wanazuoni hao hao wametoa katika hukumu hiyo yule mgonjwa mwenye kupenda kukaliwa, na mtu ambaye kuwapo kwake humliwaza. Huyo mwenye kuliwaza ndiye nusu ya pili, na ndiye anayekusudiwa katika somo hili.

Mtoto mwenye homa ya siku tatu humtosha ziara moja. Lakini wako watoto ambao ugonjwa wao huhesabiwa kwa miaka, nao huzuriwa sana mwezi wa kwanza, kidogo mwezi wa pili, na baada ya hapo watu hukutana na baba yao sokoni Chanika wakamwuliza, "Mtoto hajambo?" naye hujibu, "Hajambo," kwa kuwa hapana jawabu jingine la kutoa njiani.

Ugonjwa wa kwanza wa namna hiyo katika nchi hii ni selimundu, ambao vijana huuita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotangulia duniani kwa wingi wa watoto wanaozaliwa nao, na killa mwaka huzaliwa maelfu. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba na mama wote wawili huwa wanabeba asili yake katika damu, nao wenyewe ni wazima wala hawajijui, na katika killa mimba pana fungu moja katika mafungu manne kuwa mtoto atazaliwa mgonjwa. Haukuletwa na jicho la jirani wala na jini wala na dhambi ya mama. Na mwanamume anayemtaliki mkewe kwa sababu amemzalia watoto wa kuumwa na ajue kuwa nusu ya jambo hilo imetoka kwake yeye. Chembe za damu, ambazo kwa watu wengine ni mviringo, kwa mtoto huyu hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo mifupa inapouma kwa maumivu ambayo hatta mtu mzima humtoa kilio. Tena aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria kali, na hilo lilibainishwa na daktari Allison mwaka 1954 kwa uchunguzi alioufanya Afrika ya Mashariki. Basi si ajabu kuwa mabonde ya mbu, kama bonde la mto Pangani linalopita Korogwe, ndiyo mabonde ya selimundu.

Ugonjwa wa pili ni saratani za watoto. Iko moja hutokea zaidi katika taya, ikavimba upesi kwa muda wa wiki chache, na meno yakalegea. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliieleza mwaka 1958, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Nayo pia ni ya nchi za malaria. Iko nyingine hudhihiri kwa weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto mdogo, na mama huuona anapomtazama mtoto usoni. Hizi zote mbili zikiwahiwa hutibika, na watoto wengi wamepona. Zikicheleweshwa kwa chale na kwa kuhama kutoka mganga mmoja kwenda mwingine, hufika hospitali wakati mambo yamekwisha haribika. Kombe la Kurani halikatazwi, na dua ni silaha. Lakini kombe halikupata kumwambia mtu asipande gari. Na kujitibu kumeandikwa katika vitabu vya fikihi kuwa ni sunna.

Sasa watu wengine husema: kukaa na mtoto mgonjwa ni kazi ya wanawake, na mwanamume ana kazi zake na ana msikiti. Jawabu ni kuwa Sayyidna Uthman bin Affan hakuhudhuria vita vya Badri, vita vitukufu kuliko vyote, katika mwaka wa pili wa Hijra. Hakuhudhuria kwa sababu Mtume (s.a.w.) alimwacha Madina amwuguze mkewe Rukiya, binti yake Mtume. Na vita vilipokwisha alipewa fungu lake la ngawira, na akahesabiwa katika thawabu kama aliyekuwapo. Asiyeona haya kumtaja Uthman katika khutuba asione haya kushika bakuli la uji.

Na mwenye kutaka hukumu yenyewe na atazame katika Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa sala ya jamaa, pale palipotajwa nyudhuru za kuiacha. Ametaja mvua na tope na baridi kali, kisha akamtaja mtu aliye na mgonjwa asiye na mwangalizi, au jamaa mgonjwa ambaye hupata uliwazo kwake. Neno lililotumika ni la uns, nalo ni ule utulivu wa moyo anaoupata mtu kwa kuwa na mwenzake. Wenye kuisherehesha wamewatia pamoja na jamaa watu wengine, na katika hao ni rafiki na mwalimu. Tena udhuru wa sala ya jamaa ndio udhuru wa Ijumaa. Na atafakari mwenye akili: sheria, ambayo haikumruhusu mtu kuiacha Ijumaa kwa ajili ya duka lake, imemruhusu kwa ajili ya mgonjwa ambaye anahitaji tu kuwa naye, hatta kama dawa yuko wa kumpa, na chakula yuko wa kumlisha. Hii ndiyo dalili kuwa uliwazo katika sheria ni haja katika haja za mgonjwa, wala si pambo.

Katika sira ya Mtume (s.a.w.) mambo haya yako wazi zaidi kwa watoto. Alikuwako mtoto mdogo, nduguye Anas kwa mama, kwa jina la utani Abu Umair, aliyekuwa na kindege akichezea. Kindege kikafa, na mtoto akahuzunika. Mtume akamwona, akamwuliza kwa mzaha mwema khabari ya kindege chake. Hakumwambia kuwa dunia ina misiba mikubwa kuliko ndege. Na alikuwako kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia; alipougua, Mtume alimwendea mwenyewe akaketi kwenye kichwa chake. Basi hospitali ya Kwamkono, ambayo asili yake ni wamisheni wa Kianglikana, haimzuii Mwislamu kuingia kumtazama mgonjwa aliye humo, na mtoto wa jirani asiye Mwislamu hatolewi katika wema huu.

Kisha iko khabari ya binti yake Mtume aliyempelekea mjumbe kuwa mwanawe yumo katika kukata roho. Mtume alirudisha salamu na wasia wa subira. Binti akarudisha mjumbe akimwapia kuwa lazima aje. Akasimama akaenda, na pamoja naye Saad bin Ubada na Muadh na wengineo, na mtoto akainuliwa kwake huku pumzi inakoroma kifuani, na macho yake Mtume yakatoka machozi. Saad akashangaa, naye akamjibisha kuwa hiyo ni rehema ambayo Mungu ameitia katika nyoyo za waja wake. Na ipimwe khabari hii vizuri: wasia wa subira ulikuwa umekwisha pelekwa, nao ulikuwa wa kweli, wala haukumtosha yule mama mpaka mtu alipokuja.

Ama namna ya kuifanya kazi hii katika Handeni, yafaa ianze na majira. Handeni si Pangani. Mji uko juu ya vilima, na kuanzia Juni mpaka Agosti, kipupwe kinapoingia, alfajiri hushuka baridi ambayo mtu wa pwani huicheka mchana na kuitetemekea usiku. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayoyaamsha maumivu ya selimundu, pamoja na kiu na uchovu na homa. Kwa hiyo mwenzi wa mtoto wa selimundu kazi yake ya kwanza ni ndogo nayo ni kubwa: atazame kuwa mtoto ana blanketi na soksi, na kuwa anakunywa maji mara kwa mara ingawa jua halichomi, na chandarua kimeshushwa. Na akiona homa kali, au mtoto anapumua kwa shida, au tumbo limevimba upande wa kushoto, au macho na viganja vimekuwa vyeupe, au kiungo kimoja kimelegea, asingoje asubuhi. Huo ni usiku wa kutafuta pikipiki na kwenda hospitali.

Na walimu wa vyuo wana sehemu yao. Mtoto huamshwa kwa sala ya asubuhi, akapelekwa kwenye birika la msikiti, akatawadha kwa maji baridi ya mwezi wa Julai, kisha akakaa juu ya sakafu mpaka jua litoke. Mtoto wa selimundu atiliwe maji moto, na hili ni wajibu wa aliye mkubwa wake likiwa lawezekana. Ikiwa daktari mwaminifu amesema kuwa maji yatamdhuru, naye hana cha kuyapasha, basi atayamamu. Amr bin Al-As, katika safari ya Dhati Salasili, aliihofia nafsi yake kwa baridi akatayamamu akawasalisha wenzake, na khabari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) alicheka wala hakumlaumu. Kadhalika mtoto huyu hukosa chuo siku nyingi. Akirudi, akikuta wenziwe wamemwacha juzuu nzima, kisha mwalimu akamwita mvivu, basi ule ubao umekuwa maradhi ya pili. Mwalimu mwenye hekima humpelekea mwanafunzi mmoja nyumbani kwao, wakasoma aya tatu pamoja, wakacheza bao, akarudi. Zile aya tatu ni nyingi.

Ramadhani pana jambo jingine. Mtoto wa miaka minane au tisa huona wenziwe wanafunga, wanahesabiana siku, naye anaambiwa ale. Huona haya, na wengine hufunga kwa siri bila ya maji, na usiku maumivu huja. Saumu haikumlazimu asiyebaleghe. Huamrishwa mtoto afikapo miaka saba akiwa anaiweza tu, na huyu haiwezi. Hayo mzazi huyasema, lakini mtoto hayasikii kwa mzazi. Mwenzi ndiye wa kumwambia, na kumpa kazi nyingine ya mwezi mtukufu ambayo wenziwe hawana: kugawa tende msikitini, au kushika mas-hafu mtu mzima akisoma.

Mtoto wa saratani mambo yake ni mengine, kwani njia yake ni ndefu. Atapita Korogwe, hospitali ya Magunga, au Tanga, hospitali ya Bombo, kisha apelekwe Muhimbili, Dar es Salaam, kwa Mkata na Chalinze, na matibabu huchukua miezi. Mama huenda naye na kuacha nyumba na watoto wengine. Baba hurudi kulima au kutafuta nauli. Dawa humtoa mtoto nywele, humtapisha, humtia vidonda mdomoni. Hapo mwenzi ana sehemu mbili: mmoja wa kumfuata mtoto huko, ikiwa ana jamaa Dar es Salaam wa kufikia kwake, na mwingine wa kuangalia nyumba iliyoachwa Handeni. Huyu wa pili hatajwi, na pengine yeye ndiye anayemponya mtoto. Mama wengi humtoa mtoto hospitali kabla matibabu hayajaisha, si kwa ujinga, bali kwa kuwa shamba limeingiwa na nguruwe na mdogo wake mtoto analala kwa majirani.

Huko Marekani, mwaka 1988, mcheza sinema Paul Newman alianzisha kambi katika Connecticut kwa ajili ya watoto wenye saratani na magonjwa ya damu, na mfano wake ukaenea nchi nyingi. Mtoto hukaa humo siku chache, pengine katika majira ya theluji, na watu wazima wenye kujitolea huwa wenzi wa watoto hao bila ya mshahara: hucheza nao, hula nao, na daktari yuko karibu bila ya kuonekana sana. Asiseme mtu kuwa jambo hili ni la Kizungu. Sultani Qalawun alijenga hospitali Kairo mwaka 1284, na wakfu wake ulikuwa kwa wanaume na wanawake, matajiri na maskini. Kinachofaa kuchukuliwa katika kambi hizo si nyumba zake. Ni lile fikira la kuwa mtoto mgonjwa ni mtoto kwanza, na kuwa yuko mtu mzima mmoja ambaye hakuja kumchoma sindano. Handeni hakuna theluji, wala hapana haja ya kambi. Chumba cha mtoto kinatosha, na vigari vya mabua, na vitendawili, na hadithi za sungura.

Kazi hii ni amana, na yako mambo ambayo asiyeyaweza ni bora asiianze. Lazima apate idhini ya baba, au ya walii mwingine, kabla ya mara ya kwanza. Ikiwa baba yuko safarini, haimfalii mwanamume kukaa faragha na mama wa mtoto kwa kisingizio cha ugonjwa. Aende pamoja na mkewe au dada yake, au mtoto atolewe barazani watu wakiona. Wala asijifungie na mtoto mwenyewe peke yake. Mlango uwe wazi, kwani si killa anayejitolea kwa watoto amejitolea kwa ajili ya Mungu, na mzazi ana haki ya kuona. Mtoto wa kike amefaa kuenziwa na mwanamke. Mwenye mafua au kikohozi asimkaribie mtoto wa saratani hatta apone, maana dawa zake huishusha kinga ya mwili, na Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Asimpige mtoto picha kwa simu akaieneza. Asimlishe kitu bila ya kuuliza.

Na juu ya yote hayo iko ahadi. Mwanamke mmoja zama za Mtume alimwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende, akamwambia kuwa lau asingempa kitu ingeandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Basi mwenzi akimwambia mtoto, "Nitakuja Jumatano," na aje Jumatano. Mtoto mzima akikosa ahadi hucheza. Mtoto mgonjwa huketi akatazama mlango, na Jumatano yake ni ndefu kuliko ya watu.

Masala. Mtoto akimwuliza mwenzi wake, "Nitakufa?" amjibu nini? Jawabu: asimwambie la, kwani hajui, wala asimwambie ndiyo, kwani hajui. Wala asimkemee kuwa maneno hayo hayasemwi, maana atakuwa amemwacha peke yake nayo. Amwulize kwanza ni nani aliyemtia neno hilo, na anaogopa nini. Mara nyingi ataona kuwa mtoto haogopi mauti, bali anaogopa sindano ya kesho, au giza, au kuwa mama yake atalia. Hayo yana majibu. Na akiuliza ya Mwenyezi Mungu, ajibiwe kwa rehema yake. Na wala asiambiwe kuwa anaadhibiwa, kwani mtoto hajaandikiwa dhambi hatta afutiwe.

Masala. Mtoto akifariki, mwenzi wake ana lipi? Jawabu: mtoto mdogo asiyefikia umri wa kutamaniwa, huoshwa na wanaume au na wanawake, kwa hiyo mwenzi aweza kuwa katika wenye kumwosha, baba akipenda. Hatalakiniwi kaburini, kwa kuwa hakuwa mwenye kulazimishwa na sheria. Na katika sala yake huombewa wazazi wake, awe kwao ni mtangulizi na akiba. Tanzia ni siku tatu, na kuizidisha ni makruhu kwa kuwa humrudishia mfiwa huzuni. Lakini kumwendea mdogo wake marehemu hakumo katika tanzia, wala hakuna hesabu ya siku. Ikiwa aliyefariki alikuwa na selimundu, huyu mdogo huenda naye amezaliwa nayo. Basi mwenzi amshike mkono pamoja na baba yake, wampeleke akapimwe damu kabla kipupwe kingine hakijaingia. Wallahu aalam.